Jumamosi za Kumfunza Mama

Mwaka niliomaliza shule ya upili nilipata kazi katika studio ya picha mjini Eldoret, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyowahi kuiamkia kwa furaha. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Mwenyewe alikuwa mzee aliyehamia kutoka upande wa Murang'a zamani sana, akaja na mke na kamera, akakaa. Aliniajiri nifagie na kupokea wateja, lakini haikupita muda akachoka kuniita mlangoni kila mara nimpitishie hiki na kile. Akaniingiza kwenye chumba cha giza, akanifundisha kusafisha picha.

Nilipenda kila kitu mle ndani. Nilipenda ile taa nyekundu, na harufu ya dawa iliyong'ang'ania vidole hata baada ya kunawa kwa sabuni, na vile uso wa mtu ulivyojitokeza polepole kwenye karatasi nyeupe, macho kwanza, halafu kola ya shati. Wakulima walikuja wakishauza mahindi, makoti yao yakiwa bado na mikunjo ya sandukuni, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa maua kama watu waliokamatwa. Wengine walikuja wamefiwa, wakileta kitambulisho cha marehemu ili tuukuze uso wake wa kuweka juu ya jeneza.

Mama mmoja alileta picha ya harusi ya jirani. Mumewe alikuwa nyuma kabisa, nusu ya uso imefichwa na kofia ya mtu mwingine, na hakuwa na picha yake nyingine yoyote. Mzee aliiangalia akaniachia mimi. Nilishinda nayo mchana kutwa, nikaikuza, nikairekebisha kwa penseli na brashi ndogo, na yule mama aliporudi jioni aliitazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Ndiye." Akaifunga kwa leso, akaondoka. Nilitembea mpaka kwetu Kiplombe siku hiyo bila kusikia uchovu.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya msingi iliyo karibu na nyumbani, ingawa hakuwa amesomea ualimu. Enzi zake, msichana aliyemaliza shule ya msingi alihesabiwa kuwa msomi, na shule ilipokosa mwalimu, wazee wa kanisa walimjia wakamwomba asaidie kwa muhula mmoja. Muhula huo haukuisha. Baba alifariki nikiwa mdogo, na tulilelewa, mimi na wadogo zangu, kwa ile kazi ya mama pamoja na shamba dogo la mahindi na ng'ombe wachache.

Jioni moja nilikuwa nje nachambua mboga, mama akaingia kwa lango akiwa amevaa nguo zake za kanisani. Alikuwa ametoka kwa ofisi ya elimu mjini.

"Umepata," akasema.

"Nimepata nini?"

"Koleji. Ya walimu. Unaingia mwezi ujao."

Nilikuwa nimeomba nafasi hiyo kwa sababu darasa letu lote liliomba, halafu nikasahau. Mama hakuwa amesahau. Alikuwa amesimama pale na mwavuli mkononi, hajaketi, hajavua hata viatu, na sijui kama niliwahi kumwona vile kabla ya siku hiyo. Hakuwa anacheka. Alionekana tu kama mtu aliyetua mzigo.

"Na kazi ya studio?" nikauliza.

"Hiyo ilikushikilia vizuri wakati ulikuwa unangoja," akasema. "Mwambie mzee asante. Usiondoke hivi hivi."

Nikamwambia mzee asante. Aliinua mabega, akasema ualimu ni kazi ya heshima, na kwamba kama nitakuwa na nafasi siku za likizo, mlango hauna kufuli kwangu.

Koleji ilikuwa nje kidogo ya mji, majengo marefu ya mawe katikati ya miti ya mikaratusi, na baridi ya mwezi wa saba ilikuwa imeshafika kabla yetu. Tuliamshwa na kengele, tukaoga maji ya barafu, tukapanga mstari, bendera ikapandishwa, tukasema kiapo cha uaminifu, tukaingia darasani. Sikuteswa na mtu. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia hukuipenda shule wanataka uwaambie nani alikuonea, na mimi sina wa kumtaja. Wakufunzi walikuwa watu wazuri. Wasichana niliolala nao chumba kimoja walikuwa wacheshi na hawakuwa wachoyo. Githeri ya mchana, mahindi na maharagwe, ilikuwa na dumuzi, lakini hata nyumbani tuliwahi kula dumuzi. Kile nilichokichukia kilikuwa ni ualimu wenyewe.

Nilichoka kuandika andalio la somo, kila siku nikianza na maneno yale yale, kwamba kufikia mwisho wa somo mwanafunzi aweze kufanya hivi na vile. Nilichoka kukata karatasi za manila na kuchora embe na chungwa. Zaidi ya yote nilichoka na yale masomo ya majaribio, ambapo mmoja wetu alisimama mbele kama mwalimu na sisi wengine tukajifanya watoto wa darasa la pili. Watu wazima, wengine wana ndevu na watoto wao nyumbani, wakinyoosha mikono na kupiga vidole, "Mimi, mwalimu! Mimi!" Wenzangu walicheka mpaka machozi. Zamu yangu ilipofika nilisimama pale na chaki, nikawaangalia, na sikuweza kukumbuka kwa nini mtu yeyote angetaka kujua nilichokuwa karibu kusema.

Mkufunzi wetu, mama mpole aliyevaa sweta ya kijivu mwaka mzima, aliniita pembeni baadaye.

"Wewe unajua somo," akasema. "Lakini unafundisha kama mtu anayengoja mvua iishe."

"Nitajaribu, mwalimu."

"Uko mgonjwa?"

"Hapana."

"Basi jaribu."

Nikajaribu. Huo ndio ulikuwa uchovu wake: nilikuwa najaribu kila siku.

Jumamosi, baada ya usafi, tuliruhusiwa kutoka mpaka kabla ya giza. Wenzangu walienda mjini kunywa soda na kutazama madirisha ya maduka. Mimi nilienda nyumbani, kwa sababu Jumamosi ya kwanza kabisa nilipofika, mama alikuwa ameshanitengea kiti jikoni na kikombe cha chai, na hata sikuwa nimemeza funda la kwanza alipouliza, "Haya. Wamewafunza nini hii wiki?"

Nilidhani ni mazungumzo tu. Nikamwambia kwa kifupi, jinsi ya kumfundisha mtoto kusoma kwa kuanzia sauti za herufi badala ya majina yake. Mama akaacha kupepeta maharagwe.

"Ngoja," akasema. "Rudia pole pole. Unaanza na gani?"

Nikarudia. Akanifanya nimwonyeshe, yeye akiwa mtoto. Tukakaa hapo mpaka chai ikapoa, mama na nywele zake zilizoanza mvi akitoa sauti ya "mmm" na "aaa" mbele ya moto, na mdogo wangu akitucheka kutoka mlangoni. Jumatatu iliyofuata aliifundisha darasani kwake. Jumamosi niliporudi akaniambia ni mtoto gani alishika haraka na ni yupi aligoma, na akauliza afanye nini na yule aliyegoma. Sikujua. Nikasema nitauliza. Nikauliza kweli, siku ya Jumanne, nikainua mkono darasani kwa mara ya kwanza, na mkufunzi wa sweta ya kijivu akanitazama kwa mshangao.

Ikawa hivyo. Wiki nzima nilikaa darasani nikiwaza mambo mengine, lakini sikio moja lilibaki kwa mkufunzi, kwa sababu Jumamosi ilikuwa inakuja na mama angeuliza. Hakuwa ananipima. Alikuwa na njaa ya yale maneno. Wakati huo mfumo wa elimu ulikuwa unabadilishwa, vitabu vipya vilikuwa vinakuja, na walimu wasio na cheti walikuwa wanasemwa kila mahali, kwenye mikutano ya wazazi, kwa redio, hata kanisani. Mama hakulalamika. Alichofanya ni kunitengea kiti.

Katika mwaka wa pili nilianza kuchoka kwa namna nyingine. Nilianza kulala usingizi mzito unaoniacha nimechoka zaidi. Kulikuwa na siku tulitolewa masomoni kwenda kupangwa kando ya barabara kumngoja mgeni mkubwa wa serikali. Tulikuwa tumefanya mazoezi ya nyimbo za kumsifu kwa majuma. Tukasimama kwenye vumbi na sare zetu tangu asubuhi, jua likatuchoma, halafu mvua ikaja, na bado tulisimama. Mchana ukiwa umeenda sana magari yakapita kwa kasi, vioo vimefungwa. Tukaimba. Hayakupunguza mwendo. Msichana aliyekuwa karibu nami alikamua maji kutoka kwa sketi yake akasema, "Basi, imeisha," kwa sauti ya kawaida kabisa, na nikajiona miaka mingi mbele, nikiwapanga watoto wa watu kando ya barabara hiyo hiyo, nikiwaambia wasimame wima. Niliamua hapo hapo, nikiwa na maji viatuni, kwamba sitamaliza.

Wiki hiyo nikapitia studio. Mzee alikuwa anafunga vitu kwenye makatoni.

"Mwanangu ameniita Nakuru," akasema. "Ana duka kubwa la picha huko, sasa wanataka kuanza za rangi. Mimi macho yangu yamechoka. Lakini nilimwambia kuna msichana hapa ana mkono. Akasema, mlete."

Nilishika meza.

"Ni kazi ya kudumu," akaendelea. "Utakaa kwangu na mke wangu, ni nyumba ya Wakristo, mama yako asiogope. Mimi nahama mwisho wa mwezi. Zungumza na nyumbani halafu unipe jibu."

Siku zilizobaki mpaka Jumamosi nilikuwa mtu mwingine. Nilikula. Nilicheka kwenye masomo ya majaribio. Usiku kabla ya kulala nilipanga maneno ya kumwambia mama, nikayapanga upya, yawe mafupi, yasiwe na lawama. Ningemwambia kwamba namshukuru. Ningemwambia si wote wanaozaliwa na kazi hiyo mikononi. Nilikuwa tayari hata kwa machozi yake.

Jumamosi nikafika nyumbani na kumkuta ameketi nje kwenye kigogo, bado amevaa zile nguo za kanisani. Kiti changu jikoni kilikuwa hakijatengwa. Moto ulikuwa umezimika. Mdogo wangu ndiye aliyeniambia kwa kunong'ona, kwamba mama ameenda kwa ofisi ya elimu kuuliza kuhusu ile kozi ya walimu wasio na cheti, ile ya kusoma siku za likizo mpaka mtu apate cheti chake.

Niliketi kando yake.

"Wamesema nini, mama?"

"Wamesema umri umepita." Alikuwa anachomoa nyuzi kwenye pindo la sketi yake. "Kijana mmoja tu, pale mezani. Hakunikosea adabu. Aliniita mama. Akasema nafasi wanawapa wale ambao bado watatumika miaka mingi. Nikamwambia mimi nimetumika miaka mingi. Akasema anajua."

"Watakufukuza kazi?"

"Hapana. Nitabaki tu vile niko." Akachomoa uzi mwingine. "Nilikuwa nimesoma. Nilidhani wataniuliza maswali. Ile ya sauti za herufi, ile ya kugawa watoto kwa vikundi, zote nilikuwa nazo kichwani. Hakuuliza hata moja."

Ng'ombe walikuwa wanalia kwa kuchelewa kukamuliwa. Niliinuka nikaenda kuwakamua, na nilipokuwa nimeegemea ubavu wa yule mwekundu nilijaribu kuyatafuta yale maneno niliyokuwa nimeyapanga, na yalikuwepo yote, sawasawa, hakuna lililopotea. Lakini nilijua sitayasema. Haikuwa huruma peke yake. Nilikuwa pia na hasira, juu yake kwa kuwa na huzuni siku hiyo na si nyingine, na juu ya yule kijana wa mezani, na juu yangu mwenyewe. Niliporudi na ndoo, mama alikuwa amewasha moto na kukitenga kiti changu.

"Haya," akasema. "Wamewafunza nini hii wiki?"

Nikamwambia. Ilikuwa somo la hesabu, jinsi ya kumfundisha mtoto kutoa kwa kutumia vifuniko vya chupa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali, akasema Jumatatu atawatuma watoto waokote vifuniko kule dukani.

Jumatatu iliyofuata nikamtumia mzee wa studio jibu kupitia msichana mmoja aliyekuwa anaenda mjini. Alihama mwisho wa mwezi kama alivyosema. Pale mahali pake pakafunguliwa duka la kinyozi.

Sina mengi ya kusema juu ya muda uliobaki. Nilifanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja upande wa Kimumu, na mkufunzi wa sweta ya kijivu alikuja kuketi nyuma ya darasa. Baada ya somo aliniambia nimepita, kisha akaniuliza ni nini kilichonibadilisha, kwa sababu sasa nafundisha kama mtu anayejua kuna mtu anayesikiliza. Nikamjibu sijui. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimezoea kufundisha nikimwona mama kichwani, na watoto waliokuwa mbele yangu walifaidika kwa bahati tu.

Nilipomaliza nilipelekwa shule moja karibu na Moi's Bridge, katikati ya mashamba makubwa ya mahindi. Nilikaa huko miaka mingi. Wakati wa kuvuna darasa lilibaki nusu, wengine wako mashambani na wazazi wao, na mimi nilifundisha hiyo nusu, na wale wengine waliporudi nikafundisha tena. Nilikuwa mwalimu wa kadiri. Sikupiga watoto sana, sikuchelewa, vitabu vyao nilivisahihisha. Walimu wenzangu waliniheshimu. Kila asubuhi nilipoishika chaki nilisikia ule uchovu ukinipanda kutoka magotini, na kila asubuhi nikaandika tarehe ubaoni. Siku za likizo nilienda nyumbani, na mama alikuwa bado anauliza.

Halafu mama akastaafu. Walimfanyia sherehe ndogo shuleni, wakampa blanketi na sufuria, na chifu akatoa hotuba ndefu kuhusu maendeleo. Muhula uliofuata nikaandika barua ya kuacha kazi. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimeona tu kwamba hakuna tena mtu wa kupelekea yale mafunzo.

Nilienda kumwambia mwenyewe. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi, nikavuta gunia nikaketi, nikaanza kupukuchua pia.

"Nimeacha kazi, mama," nikasema.

Mikono yake haikusimama. "Umeacha kabisa?"

"Kabisa."

"Nilidhani ungeacha mapema."

Nikamwangalia. Alikuwa amekazia macho gunzi lake.

"Ulijua?"

"Mtoto wangu nisijue? Tangu ile Jumamosi ya kwanza. Ulikuwa unakuja na uso kama mtu ametoka matanga."

"Na hukusema kitu."

"Ningesema nini? Niseme acha?" Alitupa gunzi kando akachukua lingine. "Ungeacha, ningebaki na nani wa kuniambia? Hakukuwa na mwingine. Nilijiambia, wacha amalize huu muhula, nitamwambia. Halafu huo mwingine." Akapumua. "Nilikuwa nayataka sana hayo mambo. Siwezi kukudanganya."

Nilikuwa nimengoja miaka hiyo yote kukasirika, na sasa hasira ilipotakiwa haikuja. Nilisikia usingizi tu. Nilimwambia, na ilikuwa kweli, kwamba mgongo unaniuma.

"Nenda ulale," akasema mama. "Kitanda kimetandikwa. Haya mahindi nitamaliza."

Nikaingia ndani, nikavua viatu, nikalala mchana kweupe mpaka wakaniita kula.